Kumtafuta Mwizi kwenye Video za Shughuli

Mwaka 1975, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba yangu alifariki huko Newala, na arobaini haijafika wapwa zake wakaja kuchukua mikorosho. Kwetu ndivyo ilivyokuwa, mali ya mwanamume inakwenda kwa watoto wa dada yake. Siwalaumu, ila njaa haijui mila ya mtu. Nikatolewa shule darasa la tatu, nikaletwa Dar es Salaam kulea watoto wa watu, na kuanzia hapo kila nilichokula nilikitafuta mwenyewe. Nimeuza maandazi Mnazi Mmoja kwa watu waliokuja kusikiliza mikutano. Nimeuza mitumba nimeitandaza chini. Nimebeba vitenge begani ofisi hadi ofisi mpaka nikapata meza, meza ikawa fremu ya duka, fremu ikazaa stoo. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani ninachosimulia nilifundishwa chuo fulani. Kusoma nasoma, polepole, kama mtu anayevuka barabara ya mwendokasi. Lakini macho ninayo.

Ninachosimulia ni namna nilivyomtoa mlinzi wangu mahabusu kwa kutazama video za shughuli za wanawake.

Mlinzi huyo ni mtu wa kwetu kusini, mzee mwenzangu, namwita kaka ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Amelala mlangoni pa stoo yangu miaka mingi kuliko ndoa yangu ilivyodumu. Si mtu wa maneno. Ukimsalimia asubuhi anakujibu vizuri, na hilo jibu linatosha mpaka kesho yake. Ana kofia ya sufu anayoivaa hata Januari, jua la Dar likiwa linaunguza lami, na ukimwuliza anasema kichwa ni chake.

Stoo yenyewe iko nyuma ya jengo moja la ghorofa Kariakoo. Belo za vitenge tunazipanga kama ukuta, sakafuni mpaka karibu na dari, na mbele tunaweka zinazotoka haraka. Za nyuma hazionekani. Ukiingia unaona ukuta umejaa, unafunga, unaondoka. Kila mwenye stoo mtaani kwetu anapanga hivyo, kwa sababu nafasi ni ndogo na wapagazi hawapendi kuhamisha mzigo mara mbili.

Nyuma kabisa nilikuwa na mzigo ulioniudhi. Niliagiza vitenge kutoka ng'ambo kwa mchoro wangu mwenyewe, taa za chemli juu ya rangi ya damu ya mzee, na ndani ya kila kioo moto wa njano. Mzigo ulipotoka bandarini nikafungua belo moja pale pale mlangoni, nikaona kiwanda kimeniharibia. Njano imehama. Moto wote umekaa nje ya kioo, pembeni, kama inzi aliyetua kwenye taa. Nikafungua belo la pili, la tatu, yale yale. Nikampigia wakala aliyeniagizia, tukagombana mpaka sauti ikanikauka. Akasema nisubiri aongee na kiwanda. Nikaamuru mzigo upangwe nyuma, usiuzwe hata doti moja, nisije nikaharibu jina langu. Na haukuuzwa.

Siku mzigo huo unaingia, kaka hakuwepo. Alikuwa amekwenda Newala kumzika dada yake, na akakaa huko karibu mwezi kwa ajili ya watoto walioachwa. Msimamizi wa jengo, yule anayekusanya kodi kwa niaba ya mwenye jengo na kutunza funguo za akiba, akaniambia, "Mama usihangaike, nitakuwekea mtu wangu alinde mpaka mzee arudi." Nikashukuru. Msimamizi ni mwanamume wa mashati yaliyonyooka, anaongea taratibu, akikusalimia anainamisha kichwa kidogo kama yuko msikitini.

Kaka akarudi. Wiki mbili hivi zikapita. Wakala akanipigia kwamba kiwanda kimekubali kunifidia, niuze mzigo mbovu kwa bei ya chini. Jumatatu asubuhi nikaingia stoo na wapagazi, tukashusha ukuta wa mbele. Nyuma yake kulikuwa na sakafu. Belo hakuna, kamba ya belo hakuna. Sakafu tupu na mende mmoja aliyeshangaa kutuona.

Kufuli lilikuwa zima. Mlango mzima. Msimamizi akaja, akachungulia, akatikisa kichwa kama mfiwa. Kisha akasema, mbele ya watu wote waliokusanyika, kwamba usiku wa Jumamosi aliona guta linatoka nyuma ya jengo limefunikwa turubai, na mlinzi ndiye aliyelifungulia geti.

"Sikutaka kusema, mama," akaniambia. "Nilidhani umemtuma."

Polisi wakamchukua kaka siku ile ile. Alipokuwa anapandishwa kwenye gari mtaa mzima ulipaza sauti "mwizi, mwizi", wauza maji, wabeba mizigo, watu waliokuwa wakimwachia vikapu vyao avitunze wakienda kuswali. Mtu wa pembeni asingeweza kujua kwamba walimjua. Yeye alinigeukia mimi tu, akauliza, "Na wewe?"

Sikumjibu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewaambia polisi kwamba Jumamosi mchana ukuta wa belo niliuona mzima. Na ulikuwa mzima kweli. Mtu yeyote angesema hivyo.

Sasa nimlete jirani yangu. Fremu inayopakana na yangu ni ya mama mmoja wa Kichaga kutoka Kilimanjaro, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, anauza vyombo vya jikoni kwa jumla. Nusu ya biashara yake iko mtandaoni. Kila alasiri anaisimamisha simu kwenye kijiti, anaingia laivu, anaanza kuongea na watu asiowaona na kuwagongea sufuria wasikie mlio. Mimi na yeye tunaishi kwa utani. Asubuhi ya pili baada ya wizi alinikuta nimekaa kwenye kigoda, mlango wa duka umefunguliwa nusu.

"Shikamoo bi mkubwa."

"Marahaba."

"Leo hunitukani? Basi unaumwa."

"Mchaga, niache. Hata nikikutukana utalichukua tusi langu ukaliuze."

"Kwa jumla," akasema, akavuta kigoda cha pili akakaa. "Haya, kimekukaba nini?"

Nikamwambia. Kaka hakuiba, moyo wangu unajua, ila mkononi sina kitu, na polisi hawafungui mtu kwa sababu ya moyo wa bibi kizee. Nikamweleza na vitenge vyenyewe, chemli na moto uliohama.

"Moto nje ya taa?" Akacheka mpaka akajishika ubavu. "Na hujauza hata kimoja?"

"Hata kimoja."

Hapo akaacha kucheka. Akaniangalia kama anavyomwangalia mteja anayetaka kununua kweli. "Basi bi mkubwa, Dar nzima hii, atakayeonekana amevaa hicho kitu amevaa mali yako. Tusitafute mtu. Tutafute nguo."

"Tutafute wapi? Tuwapekue watu sokoni?"

"Kwenye simu. Siku hizi mtu hasongi ugali bila kuuweka mtandaoni. Sisi tutatazama walichokiweka wenyewe wakataka kitazamwe. Hatuibi kitu, hatudanganyi mtu."

Tulianza na kurasa za wauza vitenge. Kutwa nzima tukatazama, na kesho yake. Mchaga anafungua, mimi natazama. Hakuna. Mara moja aliruka kutoka kwenye kigoda, "Chemli hizi hapa!" Nikavaa miwani.

"Hayo ni mananasi."

"Mananasi gani yana mshikio?"

"Hayo ni majani. Wewe uza masufuria."

Jioni nikiwa nakunja vitambaa nikaanza kujiuliza kama mwizi. Mimi ningekuwa na mzigo mkubwa wa mchoro mmoja, mbovu, usiojulikana sokoni, ningeupeleka wapi? Dukani ungeshtukiwa. Muuza kitenge hata wa mkoani angeniuliza umetoka kwa nani, maana sisi tunajuana michoro kama watu wanavyojuana watoto. Kuna mahali pamoja tu hapa mjini ambapo watu mia wanavaa mchoro mmoja siku moja na hakuna anayeuliza ulikotoka. Nikaacha kukunja. Nikamwita Mchaga ambaye alishaanza kushusha shata lake.

"Sare," nikamwambia.

"Sare za nini?"

"Za shughuli. Kitchen party, kumtoa mwali, kumtuza mama wa bibi harusi. Kikundi cha wanawake kinatafuta kitenge kimoja kwa wote, bei nafuu, haraka. Mtu akiwaletea mzigo mlangoni wanampigia vigelegele."

Akalishika shata katikati, halikupanda wala halikushuka. "Na kila shughuli ina MC."

"Na kila MC ana mpiga video."

"Na kila video inapandishwa, maana MC anaishi kwa kuonekana." Kisha akakunja uso. "Unajua ziko ngapi?"

"Hata ziwe kama mchele. Mchele tunauchambua."

Siku zilizofuata sijawahi kufurahi hivyo tangu nilipopata fremu yangu ya kwanza, nasema ukweli, na moyoni nikimwombea kaka msamaha kwamba yeye amelala kwenye saruji na mimi nafurahi. Nilikuwa kama mtu aliyeona nyayo za nguruwe shambani. Wateja wakija nawahudumia upesi nirudi kwenye kigoda. Mchaga alinifundisha kusimamisha picha kwa kidole, kuikuza kwa vidole viwili, kurudisha nyuma. Mimi nilimfundisha asitazame sura.

"Tazama viuno," nilimwambia. "Kitenge kinasema ukweli kiunoni, hapo ndipo kimetandazwa. Kifuani fundi amekikatakata."

"Bi mkubwa, mtu akitusikia."

"Atusikie. Simamisha hapo. Hapana, hiyo ni miavuli. Endelea."

Tulitazama Tandika, Temeke, Manzese, Kigogo. Niliona wanawake wenye umri wangu wakikatika mpaka nikaona haya kwa niaba ya magoti yao. Na siku ya tatu ya kazi hiyo, saa ya adhana ya alasiri, ikapita rangi ya damu ya mzee.

"Rudisha."

Akarudisha.

"Simamisha. Kuza. Kuza tena."

Akapitiliza, picha ikawa ukungu mtupu. Akapunguza. Kiuno cha mama mmoja mnene, mkono ameuinua juu, na hapo ubavuni chemli, na pembeni ya chemli, nje kabisa ya kioo, moto wa njano. Nikaushika mguu wa Mchaga nikaubana.

"Ndicho?"

"Ndicho."

"Una uhakika? Isije ikawa mananasi."

"Mama mzazi hakosei mtoto wake mwenye kidole cha sita."

Ukumbi mzima ulikuwa umevaa vitenge vyangu. Safu kwa safu. Na lingine niliseme, vilikuwa vimependeza. Ule moto uliohama, wanawake wakicheza, ulionekana unarukaruka kama unataka kuingia kwenye taa yake. Niliumia mara mbili, mara moja kwa kuibiwa, mara ya pili kwa kutoona kwamba ningeviuza vizuri.

Chini ya video watu walikuwa wameandika sifa zao. Nikamwambia Mchaga, "Na wewe andika hapo. Andika hizo nguo ni za wizi."

Akaanza kuandika. Alishafika katikati nikamshika mkono. Nilikuwa nimeisikia tena ile sauti ya mtaa kaka akipandishwa kwenye gari. Neno la mtu mmoja, na watu wote wakalibeba. Wale kinamama wa watu walikuwa wamenunua nguo za shughuli, basi.

"Futa," nikasema.

"Kwa nini?"

"Futa, halafu tuitazame mpaka mwisho. Nguo tumeipata. Aliyeileta hatujampata."

Video ilikuwa ndefu. Ilianza nje, wanawake wanatembea nyuma ya matarumbeta, wanapita ukuta wa buluu na gereji ya fundi wa matairi. Mchaga akasema mara moja kwamba hapo ni Buguruni, alipanga chumba mtaa huo alipofika mjini. Kisha ukumbini, keki, mwali, zawadi. Halafu MC akashika kipaza sauti. Maneno yake nayakumbuka vizuri kwa kuwa tuliyarudia mpaka Mchaga akayajua kwa ghibu.

"Tumependeza hatujapendeza?" MC akauliza, ukumbi ukamjibu. "Nani katuvalisha? Shemeji yetu katuvalisha. Shemeji asikae nyuma huko kama mpishi. Shemeji apite mbele atunze."

Asiyejua shughuli nimweleze. Ukiitwa mbele unakuja unacheza, noti mkononi, unamtunza MC mbele ya kamera, na wakwe wanakuona. Kukataa ni aibu ya kudumu, mke wako atakumbushwa mpaka anazeeka. Basi kutoka nyuma ya ukumbi, shati limenyooka, anakuja mwanamume anatingisha mabega, noti anazichezesha hewani. Msimamizi wa jengo letu.

Simu ilimtoka Mchaga mkononi ikaangukia ndani ya sufuria la kuuza, na video ikaendelea humo humo, matarumbeta yanalia ndani ya alumini.

Mtu huyu alikuwa amefikiria kila kitu. Funguo za akiba anazo. Amemweka mlinzi wake. Amechukua mzigo wa nyuma usioguswa na kuuacha ukuta wa mbele usimame kama pazia. Na ukija kugunduliwa, amemwandaa mtu wa kumsingizia na guta la kumpandisha. Lakini kuitwa shemeji mbele ya wakwe hakuweza kukataa.

Kesho yake asubuhi tukaenda kituoni, mimi na Mchaga, tumevaa kama tunaenda harusini. Mpelelezi wa kesi ni mwanamke, hana sare, ana daftari dogo na uso usiokupa kitu. Alitazama video mpaka mwisho. Akarudisha mwanzo, akatazama tena. Mimi nilidhani atainuka kwenye kiti.

"Vizuri," akasema. "Na kama amenunua kwa mtu?"

"Afande, mwenyewe ana funguo," nikasema.

"Sijakataa, mama. Nakuuliza kama atakavyouliza wakili wake. Akisema mlinzi wako alimwuzia, utasema nini?"

Mchaga ndiye aliyenyoosha kidole kwenye simu. "Afande, hebu tazama siku iliyopandishwa."

Sisi hiyo tarehe hatukuwa tumeitazama. Tulikuwa tunatazama viuno. Video ilikuwa imewekwa mtandaoni wiki nne nyuma. Kabla ya ile Jumamosi ya guta. Kabla hata kaka hajarudi kutoka Newala.

Damu ilinipanda kichwani kwa furaha, nikaona taa za ofisi zimeongezeka. "Hakuwepo," nikasema. "Mzigo umeingia hakuwepo, na umevaliwa hakuwepo. Karatasi za bandarini ninazo, zinaonyesha siku mzigo ulipotoka."

"Siku iliyowekwa si siku iliyopigwa," akasema afande. "Watu wanaweka video za zamani kila siku."

"Afande, chakula mtu anaweza kukila kimepoa. Kabla hakijapikwa hawezi kukila. Shughuli ilifanyika siku hiyo au kabla yake. Baada yake haiwezekani."

Akacheka. Mara moja tu, kifupi, lakini alicheka. "Hilo limesimama. Sasa nithibitishie mlinzi alikuwa Newala. Tiketi ya basi anaweza kuazima ya mtu."

Kaka hana simu ya kutelezesha. Ana kitochi cha vibonye. Lakini vijana wa kwetu wanazo, na wana ukurasa wa wazi wa watu wa nyumbani, kila msiba wanauweka ili sisi wa mjini tuone tulivyokosa kwenda. Tukaufungua pale pale mezani kwa afande. Kaka huyu hapa makaburini ameshika jembe. Huyu hapa siku ya hitima anapindua pilau kwa mwiko mrefu. Huyu hapa, tarehe za katikati, anaezeka nyumba ya marehemu, na huyu tena juu ya paa ile ile, siku mbili baada ya video ya Buguruni. Picha zote na ile kofia.

"Kwenye joto lote hilo?" akauliza afande.

"Kichwa ni chake," nikasema.

Alihifadhi kila kitu, picha, anwani ya ukurasa, tarehe. Alituambia video inaweza kufutwa muda wowote, na kitu kilichofutwa bila kuhifadhiwa ni hadithi. Kisha akampigia simu mwenyekiti wa kijiji mbele yetu, hakutaka kuamini picha peke yake. Mwenyekiti akathibitisha. Ndipo afande akatugeukia.

"Kazi yenu imeishia hapa. Msiende Buguruni. Msiandike popote. Na huyo bwana msimwonyeshe kitu, mkimshtua mzigo utahama."

Hilo la mwisho ndilo lililotutesa. Alasiri ile ile msimamizi akaja dukani kwangu, kichwa ameinamisha.

"Pole mama. Mlinzi kakiri?"

"Bado."

"Watu wa namna ile hawakiri upesi. Vumilia."

Mchaga alikuwa amesimama nyuma yangu na sufuria. Nilimsikia anavuta pumzi. "Baba, mbona umenawiri hivi?" akasema. "Mazoezi? Maana mabega hayo ni ya mtu anayecheza."

Nilimkanyaga kidole gumba kwa kisigino. Msimamizi akatabasamu, akasema ni neema ya Mungu, akaenda zake. Tulipoona amepinda kona tukaingia ndani, tukacheka kwa kuzibana midomo na khanga mpaka machozi.

Afande alichukua siku mbili. Alikwenda Buguruni mwenyewe, akauona ukuta wa buluu, akaongea na katibu wa kikundi cha wale wanawake, na katibu akamweleza bila kuficha aliuziwa na nani na mzigo ulishushwa chumba gani. Belo zilizobaki walizikuta humo, kamba zangu hazijakatwa. Msimamizi walimfuata jengoni mchana, saa ya watu wengi. Mbeba mizigo mmoja, kinara wa kelele za siku kaka alipochukuliwa, alijaza kifua hewa apaze sauti. Nikamwendea mpaka puani.

"Ukisema hilo neno hutabeba tena belo langu," nikamwambia. "Kuna mahakama. Subiri yake."

Akaishusha ile pumzi taratibu.

Kaka alitoka siku hiyo hiyo. Nilimpokea getini. Alikuwa amekonda, ndevu zimemtoka nyeupe.

"Kaka, uliniuliza nikanyamaza," nikasema. "Jibu nililichelewesha. Nilikwenda kulitafuta."

"Nimesikia. Afande kaniambia mmetazama viuno."

"Twende nyumbani ule. Kesho utarudi kazini."

Akasimama. "Sirudi," akasema. "Waliponiita mwizi walikuwa mtaa mzima. Leo wameanza kunipigia simu, mmoja mmoja, chinichini, samahani mzee. Mimi sikuitwa mwizi chinichini."

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoniambia mwaka mzima, na yote yalikuwa ya haki. Hasira haikunijia. Ilinijia akili. Nikamwomba Mchaga aufungue ule ukurasa wenye video anipigie MC, namba yake iko pale pale juu kwa wanaotaka kumkodi. MC alidhani nina mwali.

"Nina mzee," nikamwambia. "Aliitwa mwizi na hakuiba. Nataka umtembeze Kariakoo na matarumbeta. Ila jina la mtu mwingine yeyote lisitoke mdomoni mwako, kesi ni ya mahakama."

"Mama, kazi kama hii sijawahi kuifanya," akasema.

"Basi utaipandisha mtandaoni watu waone unaiweza."

Jumapili tukakusanyika Mnazi Mmoja, tukaingia Kariakoo kwa miguu, matarumbeta mbele, kaka nyuma yake katikati yangu na Mchaga. Alitembea kama mtu anayekwenda kuchota maji, hakucheza hata kidole. Watu walitoka madukani. MC akasimama mbele ya stoo yangu, akasema kwa kipaza sauti kwamba huyu hapa ni mlinzi, mali ilipopotea alikuwa anamzika dada yake, na aliyemwita vinginevyo apite mbele amtunze. Kwanza yule mbeba mizigo akatoka, anacheza, uso umemwiva kwa haya, akamwekea kaka noti juu ya ile kofia. Akafuata muuza maji. Wakafuata wengine, foleni. Mchaga alikuwa laivu, simu juu ya kijiti, safari hii hauzi kitu, ingawa alitaja bei ya hotpoti mara mbili.

Kaka aliziokota noti moja moja, akazikunja, akaniuliza ufunguo uko wapi. Nikampa. Akafungua stoo, akakagua belo mpaka nyuma kabisa, akatoka, akakaa mlangoni pake.

Ninavyomiliki leo ni hivi. Fremu moja ya duka Kariakoo, ya kupanga, mkataba kwa jina langu. Stoo moja, kufuli mbili, funguo ninazo mimi na mlinzi. Nyumba Mbagala, vyumba saba, vinne vina wapangaji. Kiwanja Mkuranga, bado kina nyasi. Cherehani tatu. Friji, kitanda cha mninga, godoro la inchi nane. Simu mbili, ya kuongea na ya kutazama. Deni sina.